Boti ya maji mafupi: nilivyochagua bila kuuza mgongo wangu

Wavuvi wa maji mafupi tuna ugonjwa mmoja, tukikutana habari za boti swali la kwanza ni inazama sentimita ngapi, na mwenye namba ndogo ndo anaonekana mjanja. Hakuna anayeuliza inapigaje mawimbi ukiwa unarudi na upepo umeamka. Mi nilianza na hilo la pili, na ndo maana nimeishia na boti ambayo kwenye karatasi haimshangazi mtu.

Hali yangu iko hivi: samaki ninaowafuata wanakula kwenye mafungu ya mchanga na kwenye majani ya bahari, maji ya magoti, saa zingine unaona kabisa mkia uko nje ya maji samaki kainamisha kichwa anachimba. Lakini kufika huko lazima nivuke maji mapana, asubuhi yamelala, mchana upepo ukishika yanakuwa na vile viwimbi vifupi vinavyofuatana karibu karibu, na hivyo ndo vinavyotesa kuliko hata mawimbi makubwa ya mbali. Kwahiyo boti moja inatakiwa ifanye kazi mbili zinazogombana, na anayekuambia anayo inayofanya zote mbili sawasawa huyo ana boti ya kuuza.

Ugomvi wenyewe uko kwenye tumbo la boti. Ukisimama nyuma yake ikiwa juu ya trela utaona chini imekaa kama V, iwe imefunguka au imekaza. V iliyokaza, zile za digrii 20 na kuendelea pale nyuma (digrii ni pembe ambayo tumbo linapanda kutoka usawa wa bapa), inapasua wimbi na kuketi taratibu, ila inazama zaidi na ukisimama kuvua inalala upande kila mtu akisogea. Boti za maji mafupi kabisa zina digrii 8 mpaka 12 hivi, zingine ziko bapa kabisa, zinaelea juu juu, zimetulia ukisimama, alafu wimbi likija linapiga ule ubapa wote kwa mkupuo mmoja na mshindo unapanda kwenye miguu mpaka kwenye meno. Katikati hapo, digrii 13 mpaka 17, ndo kuna zile za kuvukia ghuba, hazifanyi chochote kwa ubora wa juu lakini hazikufukuzi popote. Na usiishie kuangalia nyuma tu, maana watengenezaji wengi wanakaza V mbele kabisa alafu wanaifungua polepole kuelekea nyuma, hivyo boti mbili zenye namba moja ya nyuma zinaweza kupanda wimbi tofauti kabisa. Mi nilikuwa nainama nachungulia kuanzia mbele mpaka usawa wa kiti cha dereva, hapo ndo boti inapokutana na wimbi ikiwa mwendo.

Sasa namba ya kina. Jamani ile namba ya muuzaji mara nyingi ni boti tupu, haina mtu, haina mafuta, pengine hata mashine ni ile ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa. Nilikaa nikapiga hesabu mwenyewe na haihitaji uhandisi. Boti ya mita 5 na kidogo yenye upana wa kama mita 1.7 pale inapogusa maji, sehemu inayokaa juu ya maji ni kama mita za mraba 6 na nusu ukitoa ile ncha ya mbele. Kuizamisha sentimita 1 unahitaji kusukuma maji lita 65, yaani kilo 65 hivi, maji ya chumvi yanaongeza kidogo sana. Haya, watu watatu wa kilo 75, mafuta lita 100 ambayo ni kama kilo 75, betri mbili za asidi karibu kilo 60, sanduku la barafu na nanga na makorokoro kilo 40. Hiyo ni kilo 400, sentimita 6. Boti ya sentimita 20 imekuwa ya 26 na hujafunga hata mashine kubwa. Na mashine nayo usiichukulie poa, stroki 4 ya HP 60 iko kwenye kilo 110 hivi, ya HP 115 inakaribia kilo 170, na uzito huo wote unaning'inia nyuma kabisa, kwahiyo sio kwamba boti inazama sawasawa, inazama matako, na pale nyuma ndo panapogusa mchanga kwanza.

Baada ya hesabu hiyo nikaacha kabisa kugombania sentimita 3 za kwenye karatasi, maana mtu mmoja mnene akipanda zimeliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uulize, kina cha kuelea sio kina cha kuondokea. Boti ikishapata mwendo ikanyanyuka juu ya maji inateleza kwenye maji mafupi kuliko inapokuwa imesimama, lakini pale inaponyanyuka, nyuma inazama kwanza, propela inachimba, na unahitaji maji mengi zaidi ya yale uliyoelea nayo. Ukiingia kwenye fungu maji yanajaa ni raha, yakipwa ukiwa bado humo ndani utatoka kwa pondo ukisukuma mpaka upate kina. Na ukilazimisha na mashine unakata mizizi ya majani, hayo makovu yanachukua miaka kupona, alafu mwakani unajiuliza samaki wamehamia wapi. Kwahiyo kwenye majaribio nilikuwa nauliza vitu viwili, inaelea wapi, na inanyanyuka kwenye kina gani tukiwa tumepakia.

Kujaribu sasa. Muuzaji mmoja, kijana mstaarabu sana, alinipangia asubuhi. Nikamwambia hapana kaka, tupange mchana.

"Mchana kuna upepo bosi, hutafurahia."

"Ndo nautaka huohuo."

Alicheka ila alikubali, na nikaja na wenzangu wawili, matenki tukajaza, masanduku tukayajaza maji kuwakilisha barafu na samaki. Tukaenda uso kwa uso na upepo, tukarudi nao mgongoni, alafu tukakata pembeni, maana boti nyingine mbele iko sawa ila ukiupa upepo ubavu inakumwagia maji mpaka unameza chumvi. Mtu mmoja nilimkalisha mbele kabisa, mwingine katikati, mi kwenye usukani, alafu tukabadilishana. Hapo ndo tofauti inaonekana, kwasababu dereva anakaa nyuma ya katikati ambapo boti inaruka kidogo, yeye anasema mbona poa tu, wakati yule wa mbele kashika reli kwa mikono miwili anamwangalia kwa hasira. Ukinunua boti kwa kukaa kwenye usukani tu umenunua starehe ya mtu mmoja.

Ile bapa ya digrii 9 tuliyoijaribu ilikuwa tamu sana kwenye fungu, nakiri niliipenda. Imesimama kimya, watu wawili upande mmoja na haijali, pondo ukisukuma mara moja inakwenda. Lakini kwenye maji mapana tulilazimika kushuka mwendo mpaka ikawa inataka kuketi, na ukishuka hapo unatembea umeinua pua hewani, huoni mbele na mafuta yanakwenda bure. Ile ya digrii 18 ikavuka kama hakuna kitu, tukaanza kupiga stori, alafu tulipofika kwenye fungu ikagusa chini tukiwa bado mbali na samaki. Tukaangaliana tu.

Hapo nikajiuliza swali ambalo nadhani ndo lingetangulia kwa kila mtu: masaa yangu yanaishia wapi? Kuvuka kwangu ni kama nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kuvua ni masaa matano, sita. Kwa hesabu ya masaa bapa inashinda. Ila mgongo hauhesabu masaa, unahesabu mishindo, na mishindo yote iko kwenye ile nusu saa ya kurudi ambapo umeshachoka, na huwezi kuchagua kutorudi. Kama mafungu yangu yangekuwa hapo hapo unaposhushia boti ningebeba ile ya digrii 9 bila kujadiliana na mtu. Kwa hali yangu nikachukua ya digrii 14 nyuma, mbele imekaza vizuri, mita 5 na nusu, na faiba. Alumini niliiangalia pia, ni nyepesi na ukigusa mwamba haikuumizi roho, ila wepesi wake ndo unaifanya irukeruke, na kelele, maana kiwimbi kidogo kikigonga ubavu samaki wa maji mafupi anasikia na kuondoka kabla hujarusha. Hata kwenye faiba kelele hiyo ipo, niliisikiliza boti ikiwa imezimwa kabisa, watu kimya, viwimbi vinagonga zile kona za chini, na kuna moja niliiacha kwasababu hiyo tu.

Urefu niliongeza makusudi. Boti ndefu inakanyaga viwimbi viwili kwa pamoja badala ya kudumbukia katikati yao, na eneo la kuelea linakua kwahiyo uzito ule ule unaizamisha kidogo. Upana ndo nilipunguza tamaa, upana unakupa utulivu wa kusimama lakini ni ubapa zaidi wa kupigwa na wimbi.

Kina nilichopoteza nimekirudisha kwa vifaa. Nimefunga jeki ya kupandisha mashine wima, na propela ya visu vinne yenye ukingo uliokunjwa kidogo, hiyo inashika maji hata ikiwa juu, ila lazima macho yawe kwenye geji ya presha ya maji, maana ukipandisha sana yale matundu ya kuvutia maji ya kupoza yanabaki hewani na mashine inaungua. Boti zenye mfereji chini kwa ajili ya propela zinaenda mafupi zaidi, mi sikutaka kwasababu mfereji unapunguza kuelea kwa nyuma na kwenye kona boti inaweza kupoteza mshiko. Alafu yale mabapa mawili madogo yanayofungwa nyuma ya boti, ya kushusha na kupandisha, hayo ndo yameokoa mgongo kuliko vyote. Upepo ukiwa mbele nayashusha, pua inainama na ile V kali ndo inakutana na wimbi badala ya tumbo. Upepo ukiwa nyuma nayapandisha yote, maana pua ikiinama huku wimbi linakusukuma boti inageuka inapotaka yenyewe.

Mwendo nao, watu hawataki kusikia, ukipunguza kidogo tu mshindo unapungua sana. Nilikuwa na kawaida ya kusimama badala ya kukaa, magoti yamelegea, na bado nafanya hivyo kwenye maji mabaya hata kama kiti kina springi.

Kinachofuata ni betri. Za asidi zote mbili ziko nyuma pamoja na mashine na tenki, ndo maana nyuma bado inagusa kabla ya mbele. Nataka nihamishie za lithiamu mbele chini ya sitaha, moja ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) haifiki hata kilo 15, nitakuwa nimetoa kilo 30 na zaidi na kusogeza zilizobaki, japo nikizisogeza mbele sana pua itakuwa nzito kwenye wimbi la nyuma, kwahiyo kwanza nitaweka madumu ya maji ya uzito huo huo pale mbele nivuke nayo siku ya upepo nione.