Siku moja maishani mwangu: picha ambayo mashine haikuwahi kuiona

Saa 11 alfajiri. Simu ya kwanza huwa ya mgonjwa. Leo ni binti wa miaka 26. Amekesha na dawa ya kusafisha tumbo na anataka kujua kama yuko tayari kwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Namuuliza choo kimekuwaje. "Maji matupu, Dokta, ya njano." Nashukuru, maana utumbo ukiwa mchafu kamera haioni kitu, na kompyuta haitaona pia.

Saa 1 asubuhi. Basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama safari nzima.

Saa 2:30. Binti yuko kitandani. Miezi minane anaharisha damu, na mara tatu ametibiwa amiba. Kila nikisikia habari hii naumia, kwa sababu huku kwetu damu kwenye choo hupewa jina la amiba kabla mtu hajachunguzwa, na miezi inapita. Naingiza kamera. Wekundu unaanzia mwisho kabisa wa utumbo mpana na unapanda bila kuruka hata sehemu moja. Vile vimishipa vya damu vinavyoonekana kwenye utumbo wenye afya vimepotea, na ukuta unachubuka ukiguswa. Ni sura ya kolaitisi ya vidonda, uvimbe wa muda mrefu wa utumbo mpana. Kwa kipimo cha ukali kiitwacho Mayo, kinachoanzia 0 hadi 3 iliyo kali zaidi, naandika 2. Tunachukua vinyama, vipande vidogo vya ukuta wa utumbo, vya kupeleka maabara.

Saa 5. Kaka wa miaka 41. Amekonda, ana homa za jioni, na tumbo linamuuma chini upande wa kulia. Mfukoni ana pakiti ya prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, aliyoandikiwa kwingine kwa kudhaniwa ana ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine wa muda mrefu wa utumbo. Bahati nzuri hajaianza.

Nafika pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana na kusimama hapo muda mrefu. Vidonda vimekingama, vimezunguka utumbo kama pete, na mlango wa pale uko wazi, haujifungi. Vidonda vya Crohn mara nyingi hufuata urefu wa utumbo na kuacha vipande vyenye afya katikati. Nawaza TB ya utumbo. Lakini magonjwa haya mawili hufanana hata mabingwa huchanganyikiwa, na kosa lake ni zito: dawa za Crohn hushusha kinga, na ukimpa mwenye TB, TB inaweza kusambaa mwilini. Vinyama vingine naviweka kwenye fomalini, vingine vinakwenda kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB. Ikisema hakuna TB bado sitakuwa nimemaliza, kwa kuwa kwenye utumbo vijidudu huwa vichache na kipimo huvikosa mara nyingi.

Saa 8 mchana. Wali maharage mbele ya kompyuta, pamoja na kijana anayetengeneza programu yetu ya majaribio ya kusoma picha za utumbo. Haitumiki kuamua matibabu. Tunaipa picha za wagonjwa waliokubali, tukishafuta majina, kisha tunalinganisha jibu lake na letu.

Picha za binti: daraja la 2. Tumekubaliana, na nilifurahi kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliifundisha kompyuta kupanga ukali wa kolaitisi kwa picha 16,514 za wagonjwa 3,082, ikakaribia madaktari wazoefu. Naamini kazi hii, hasa kwa hospitali za mbali zisizo na bingwa.

Kisha picha za yule kaka. Programu ikasema kolaitisi ya vidonda, daraja la 3, bila kusita.

"Dada, mbona ina uhakika hivyo?" kijana akaniuliza.

Tukarudi kwenye picha tulizoifundishia. Ni mkusanyiko uitwao HyperKvasir, wa picha zilizokusanywa Hospitali ya Bærum, Norway, na kutolewa bure mwaka 2020. Picha zilizopangwa kwa majina ni 10,662, katika makundi 23. Kolaitisi ya daraja la 3 ina picha 133 tu. TB haimo, na hata Crohn haimo. Programu haijui kwamba mtu huyu ana homa za jioni. Inatazama rangi na michoro ya ukuta, halafu inagawa asilimia 100 kwa makundi inayoyajua, hata kama jibu la kweli haliko kati yake. Waliokusanya picha zile walifanya kazi kubwa, na sina lawama kwao. Picha za utumbo wenye TB ziko kwetu, na ni sisi tunaopaswa kuzikusanya.

"Basi mdogo wangu," nikamwambia, "anza na kuiwezesha kusema haijui."

Saa 12 jioni. Nyumbani. Mimi na daktari mwenzangu tunapanga ukali wa kolaitisi kwenye picha 40, kila mtu peke yake, hakuna kuchungulia. Tisa tumetofautiana, karibu zote kati ya daraja la 1 na la 2. Tunazirudia moja moja kwa simu, kwa sababu mashine itajifunza hata makosa yetu.

Saa 3 usiku. Yule kaka anapiga.

"Dokta, samahani kwa usiku. Zile dawa nianze kesho?"

"Usianze, kaka yangu. Tusubiri majibu ya kinyama."

"Hata kama tumbo linauma?"

"Likizidi, njoo asubuhi, usingoje siku ya kliniki."

Nasikia akimwambia mkewe aitoe ile pakiti mezani.