Taa za bodaboda kwenye mabawa ya ndege yangu

Ndege yangu ni ndogo, ya kurusha kwa rimoti. Ni ya povu gumu, mabawa yake mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, na inatumia betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 3, yenye ujazo wa miliampea-saa (mAh) 2200. Naishi Morogoro. Siku za kazi nafika uwanjani saa kumi na moja na nusu jioni, na mpaka niunganishe mabawa na kujaribu sevo (vimota vidogo vinavyogeuza usukani wa ndege) moja moja, jua limeshainama. Huku kwetu jua likizama halina subira. Dakika 20 na kitu tu, giza limetanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urushaji wangu inaangukia ule wakati ambapo milima ya Uluguru imegeuka nyeusi na ndege angani imebaki kivuli.

Kivuli hakina mbele wala nyuma. Ukiwa umeshika rimoti, hilo ndilo la kuogopa kuliko upepo.

Mwezi wa tano nilifunga taa nyeupe kila mahali: mabawa, tumbo, mkia. Ilipendeza sana. Jioni ya pili nikaipeleka mbali kidogo, ikakata kona, nikaamini bado inakwenda. Kumbe inarudi. Ndege ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, kwa hiyo kila nilipoisahihisha nilikuwa naizidisha kuinama. Ikaishia kwenye mkonge. Miiba ilitoboa bawa mahali patatu na kishikio cha mota kikavunjika. Nilikuwa naiona vizuri muda wote ule, mwanga ulikuwa tele. Nilichokosa ni kujua imeelekea wapi.

Ndege kubwa hazibahatishi jambo hili. Ncha ya bawa la kushoto nyekundu, ya kulia kijani, mkiani nyeupe. Kila taa ya bawa inaangaza nyuzi 110 kuanzia mbele, ya nyuma nyuzi 140, ukijumlisha duara limekamilika. Meli hufuata rangi hizohizo. Ukisimama kivukoni Magogoni, Dar es Salaam, usiku utaziona. Kwangu mimi aliye chini maana yake ni moja: nyekundu ikiwa kushoto kwangu, ndege inakwenda. Nyekundu ikihamia kulia, inanijia.

Nikaenda duka la spea za bodaboda. Zile taa za mkanda zinazobandikwa chini ya bajaji ni za volti 12, kwa sababu betri ya pikipiki ni volti 12. Fundi akaniuliza ni za pikipiki gani, nikamwambia ni za ndege ndogo.

"Dada, hizi zinataka volti 12. Betri yake kweli itafika?"

Inafika. Seli moja ya lipo ikijaa ni volti 4.2, seli 3 ni 12.6. Ukiwa na betri ya seli 2 usihangaike na mkanda huu, kijani na nyeupe hazitawaka. Nikachukua mita moja ya kila rangi, shilingi 3,000 kwa mita. Chukua usio na silikoni juu. Nilipima yote miwili kwenye mizani ya keki ya dada yangu, wenye silikoni ulikaribia uzito mara mbili na nusu ya ule mtupu, na uzito nchani mwa bawa ni mbaya kuliko uzito tumboni.

Mkanda wa taa 60 kwa mita unakatwa kila baada ya taa 3, yaani kila sentimita 5, penye alama ya mkasi. Kipande kimoja kinakula kama miliampea (mA) 20. Mimi nilifunga vipande 5 vya nyekundu chini ya bawa la kushoto, 5 vya kijani kulia, 2 vyeupe mkiani, na 6 vyeupe mgongoni ili ndege ikipinduka nijue. Jumla vipande 18, mA 360. Kwa dakika 10 za kuruka ni mAh 60, katika betri ya 2200. Mota yenyewe inavuta ampea zaidi ya 10, kwa hiyo taa hazipunguzi muda wa kuruka kwa kiasi utakachokihisi.

Umeme nilichukua kwenye plagi ndogo nyeupe ya betri, ile ya kusawazisha seli wakati wa kuchaji. Ina waya 4. Tumia mbili za pembeni tu, nyeusi na ile ya upande wa pili kabisa. Ukigusa za katikati, utakuwa unanyonya baadhi ya seli na kuziacha nyingine, na betri itaharibika. Usiunge taa kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) pia: pale ni volti 5, mkanda hautawaka, na umeme ule ni wa sevo. Na tafadhali, usiache waya wazi ukiwa na betri ya lipo mkononi. Ikipiga shoti inawaka moto wa kweli.

Lehemu kila kitu mezani kwanza, ndipo ubandike. Joto la kulehemu linayeyusha povu kabla hujashtuka. Waya nilichomoa kwenye chaja mbovu ya simu, mwembamba unatosha. Gundi ya nyuma ya mkanda haishiki vizuri kwenye povu, kwa hiyo nilipitisha selotepu angavu juu yake, nikaikandamiza kwa kidole polepole.

Kuna faida moja sikuitarajia. Taa za kijani 3 zilizopangwa mfululizo zinahitaji zaidi ya volti 9, nyekundu kama 6 tu. Betri ikishuka kuelekea volti 10.5, kijani inafifia wakati nyekundu bado iko imara. Bawa la kulia likififia, natua.

Taa hizi si ruhusa ya kurusha usiku. Giza likikamata, mimi nimeshatua, na kabla ya yote ulizia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) utaratibu wa kibali kwa chombo ulichonacho na mahali unaporushia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mpwa wangu wa miaka 9. Nilimweleza rangi mara moja tu. Ndege ilikuwa mbali juu ya miembe, mimi naangalia rimoti kidogo, nikasikia:

"Shangazi, nyekundu imehamia kulia!"

Nikainua macho. Ilikuwa inakuja.