Bibi, Mtunza Habari za Kivinje

Bibi yetu mzaa mama, aliyetutoka akiwa amekwisha kuona vitukuu, alizijua nasaba za Kilwa Kivinje kuliko daftari lolote la serikali. Kila alipofika kwenye habari ya Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyepinga utawala wa Wajerumani nao wakamnyonga mwaka 1895 kwenye mti uliokuja kuitwa Mwembe Kinyonga, aliacha kusuka ukili, akawataja mmoja mmoja wazee waliomsimulia, kwani kwake habari isiyo na msimulizi haikuwa habari. Ninauheshimu sana uangalifu huo. Ukoo mzima ulimtegemea pia katika mambo ya posa na mirathi, na neno lake lilimaliza ugomvi. Mwenyezi Mungu amrehemu.