Paneli Isipite Mlango wa Nyuma

Dodoma, mwishoni mwa Agosti

Kisanduku cha paneli, yaani seti ya sampuli za kupima ubora wa maabara, kikifika, kila mtu anajua ni mtihani. Ndani mna vichupa vichache vyenye namba tu. Aliyevituma anajua kipi kina Marburg iliyokwisha kuuawa, kipi kina Ebola na kipi ni plazma tupu, anayepokea hajui. Unapima, unarudisha majibu kabla ya tarehe ya mwisho, unapewa alama. Udanganyifu usiokusudiwa huanzia papo hapo: vichupa anakabidhiwa bingwa wa idara, vinafunguliwa vitendanishi vipya, kila kimoja kinapimwa mara tatu. Mgonjwa atakayeletwa saa nane usiku hatapata hata kimoja cha hayo. Alama zikitoka, ni za bingwa, si za maabara.

Kwa maoni yetu paneli iingie kwa mlango wa mbele. Ipewe namba ya kawaida ya mapokezi, iandikwe kwenye rejista, ipimwe na aliye zamu, mara moja tu kama sampuli nyingine, na majibu yakaguliwe na yuleyule anayekagua ya wagonjwa. Likitokea kosa la kunakili namba 6 ikasomeka 9, hilo nalo ni jibu la mtihani, tena pengine ndilo lenye thamani kuliko yote. Mashine haiwezi kuligundua.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Tuseme paneli ina sampuli nne hasi, yaani zisizo na virusi, na maabara imezipatia zote. Vizuri. Lakini maabara inayokosea sampuli hasi moja katika kila kumi ina nafasi ya karibu mara mbili kati ya tatu ya kupatia zote nne. Hata inayokosea nusu ina nafasi moja kati ya 16. Kwa hiyo cheti cha asilimia mia cha raundi moja kinasema machache sana. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba chanya za uongo (hasi zinazosomeka kana kwamba zina virusi) hazizidi moja katika mia, unahitaji hasi zipatazo 300 zilizopimwa bila kosa hata moja. Hizo huzipati kwenye kisanduku. Unazikusanya mwaka mzima kutokana na kontroli hasi za kila siku (sampuli zinazojulikana hazina virusi, zinazopimwa pamoja na za wagonjwa), mradi mtu aziandike.

Upande wa pili ni kiwango cha chini ambacho kipimo kinaweza kukiona. Hapo unachukua myeyusho hafifu na kuupima mara 20. Kiwango kinachokubalika ni kile kinachotoa chanya angalau mara 19. Na kuna ukuta usiovukika. Kama kila tyubu inapata wastani wa nakala tatu za RNA (chembe za urithi za virusi hivi), basi kwa bahati tu karibu tyubu moja katika 20 haitapata hata nakala moja. Wastani ukiwa nakala moja, zaidi ya theluthi zitakuwa tupu. Muuzaji anayedai kifaa chake huona nakala moja kila mara, mwache apite.

Kinachotukera zaidi ni jibu sahihi linaloficha ubovu. Sampuli ileile iliyoonekana chanya kwenye mzunguko wa 28 wa PCR (kipimo kinachorudufu chembe za urithi, takriban mara mbili kila mzunguko) raundi iliyopita, safari hii imetoka kwenye 31. Zote chanya, alama kamili, watu wanapongezana. Lakini kila kuchelewa kwa mizunguko 3.3 ni RNA kupungua mara kumi. Mahali fulani njiani karibu tisa ya kumi ya RNA imepotea, na mgonjwa mwenye virusi vichache atatoka hasi. Anza na hatua ya kutoa RNA. Kwenye vifaa vya safu (kityubu chenye utando unaonasa RNA), vile vinavyotumia mikrolita 140 za plazma na 560 za bafa ya kuvunjia virusi, wanaobeba lawama ni walewale: RNA ya kubebea (ya nyongeza, ya kusaidia ile ya virusi isipotee) haikuchanganywa kwenye bafa, bafa ilikaa baridi ikaganda chembe na hakuna aliyeipasha moto kuziyeyusha, safu haikuzungushwa hadi ikauke, ethanoli ikashuka pamoja na RNA na kukizuia kimeng'enya, au bafa ya mwisho, ya kuitoa RNA kwenye utando, ilimwagwa ukutani mwa safu badala ya katikati ya utando. (Ethanoli hiyohiyo pia ni sehemu ya usalama. Usidhani bafa peke yake imemaliza kuua virusi. Na usimwage mabaki ya bafa hiyo kwenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.)

Kontroli nazo hudanganya. Nyingi za kontroli chanya (zile zinazopaswa kutoka chanya kila mara) zinazouzwa ni plazmidi, yaani DNA. Umeme ukikatika usiku, jenereta isiwake, friza ikapanda joto, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA kinaweza kudhoofika, na asubuhi kontroli hiyo ikatoka chanya safi kabisa, kwa kuwa haikukihitaji. Tafuta kontroli ya RNA. Kontroli ya ndani, ile inayotiwa ndani ya kila sampuli, iingie kwenye bafa mwanzoni kabisa. Ukiitia baada ya kutoa RNA, inakuthibitishia nusu tu ya safari. Ndiyo pia itakayokuambia kwamba damu ililetwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijani yenye heparini, inayozuia PCR, badala ya ile ya zambarau yenye EDTA.

Pipeti zinastahili aya yao hapa Dodoma. Tuko juu, mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi hiki hewa ni kavu kama majivu. Pipeti iliyosahihishwa pwani hutoa pungufu kidogo huku, hasa unapovuta mara ya kwanza kwa ncha kavu. Kuikagua si kazi ngumu: weka mikrolita 100, pima uzito wa maji mara kumi kwa mizani inayosoma vizuri chini ya milligramu, chukua wastani wa milligramu, zidisha kwa 1.003 upate mikrolita. Kwa pipeti ya ukubwa huo, kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, kinaruhusu wastani upotoke mikrolita 0.8 tu. Tatizo ni kwamba maji yanakauka ukiyaangalia, na namba ya mwisho kwenye mizani inateremka bila kukoma. Weka kikombe kidogo cha maji ndani ya chumba cha mizani, funika chombo, lowesha ncha kwa kuvuta na kutema mara kadhaa kwanza. Chombo cha plastiki nacho hubeba umeme tuli kikavuruga usomaji; kioo ni afadhali.

Lakini hata paneli ikienda sawa, kuna kitu haipimi: sampuli ilichukuliwa siku gani ya ugonjwa. Januari 2025, siku chache kabla ya tangazo, Wizara ilikuwa imeeleza kwamba sampuli za Kagera zilizopimwa hadi wakati huo zilikuwa hasi. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa hapa Dodoma na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa na Marburg, baada ya kipimo cha maabara tembezi ya Kabaile, Kagera, kuhakikiwa Dar es Salaam. Jibu hasi ni la sampuli ile, siku ile. Kwa Marburg na Ebola, damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze inaweza kutoka hasi huku mtu anaumwa, kwa hiyo lazima irudiwe.

Kwa mkoa huu, wenye kumbukumbu ya Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, mtego uko upande mwingine. Virusi hivyo hukaa kwenye damu siku chache tu. Mfugaji wa Chemba au Mpwapwa akifika kituoni siku ya tisa, PCR inaweza kutoka hasi kwa haki kabisa, na kinachostahili kutafutwa ni IgM, kingamwili za mwanzo ambazo mwili hutengeneza. Ndiyo maana fomu isiyo na tarehe ya dalili kuanza inastahili kupigiwa simu kituoni kabla jibu halijatoka. Kwenye paneli zetu za ndani tumeanza kuchomeka fomu moja kama hiyo, bila tarehe, kuona aliye zamu atapiga simu au atapima tu.