Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Kura, Toronto, Kanada

Jumatatu, 24 Oktoba 2022.

Saa 12:30 asubuhi. Naamka na giza. Msimu huu jua la huku huchomoza karibu saa mbili kasorobo. Natia chai ya maziwa kwenye themosi na mahamri mawili ya jana mfukoni, maana leo kula ni kwa kuibia.

Saa 2:30. Kituo chetu ni chumba cha mikutano chini ya jengo la ghorofa, mtaa wa Rexdale. Tunapanga meza. Msimamizi anawasha mashine ya kuhesabia kura, inatema risiti ndefu kama ya supamaketi: sifuri mbele ya kila jina.

Saa 4:00. Milango wazi. Watu watatu! Mimi niliyezoea foleni za Mombasa, za kurauka usiku na kigoda mkononi, nadhani nimekosea siku. Wino wa kidole pia hakuna. Mtu anaonyesha kitambulisho chenye jina na anwani, natafuta jina orodhani, basi.

Kinachonichosha ni swali la shule. Kila mtu anachagua meya, diwani wa wadi yake na mjumbe wa bodi ya shule, na bodi ni nne: za umma na za Kikatoliki, kila moja kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Karatasi ninayompa mtu inategemea bodi yake. "Sina mtoto, shule ya nini?" Nimejibu hilo mpaka ulimi umekauka.

Saa 7:15 mchana. Mzee mmoja anaingiza karatasi, mashine inalia na kuirudisha. Ametia alama kwa wagombea wawili wa umeya. "Wote wawili wazuri," ananiambia, hana wasiwasi hata kidogo. Ile inafutwa, anapewa nyingine, anakaa nayo kibandani dakika kumi nzima. Simlaumu. Majina ni 31, yamepangwa kwa alfabeti.

Saa 10:40 jioni. Anaingia mama mmoja, anasoma jina kwenye beji yangu, anacheka. "Weye unasema Kiswahili?" Lafudhi ya Bukavu, Kongo, kabisa. Ni kura yake ya kwanza tangu apate uraia.

"Chama kiko wapi hapa, ndugu yangu?"

"Kura za jiji hazina vyama, mama. Ni majina tu."

"Sasa nitajuaje?"

Hapo siruhusiwi hata kukohoa vibaya. Namweleza tu diwani ni nini: mtu wa takataka, bustani, theluji barabarani. Wako 25 jiji zima. Walikuwa wawe 47, serikali ya mkoa wa Ontario ikawapunguza 2018 kampeni zikiwa zinaendelea. Mama anafikiri. "Wa theluji," anasema, "huyo ndiye namtaka." Anapotoka ananiuliza, "Na weye, umeisha piga?"

Namwambia mimi nina ukaazi wa kudumu, sijawa raia. Kufanya kazi naruhusiwa, kupiga siruhusiwi. Ananitazama kama mtu aliyepika pilau la harusi asialikwe.

Saa 2:00 usiku. Tunafunga. Mashine inatema risiti nyingine, safari hii yenye tarakimu, tunatia sahihi. Hata viti hatujakunja, simu ya mwenzangu inatangaza meya John Tory ameshinda muhula wa tatu. Waliojitokeza jiji zima hawakufika theluthi moja ya waliojiandikisha.

Saa 3:45 usiku. Niko ndani ya basi la Finch. Mombasa inakaribia alfajiri, mama yangu ameshaamka kuswali. Anapiga.

"Nani kashinda?"

"Yule yule wa zamani, mamangu."

"Weye ulimpa?"

"Mimi sina kura huku."

Kimya kidogo.

"Sasa kutwa nzima ulikuwa ukifanya nini?"