Wahandisi Niliowakataa

Nilipokubali kuwa meneja wa uhandisi, mkurugenzi wetu wa teknolojia aliniahidi jambo moja lililonipa moyo: nikiona kazi hainifai, nitarudi kuwa mhandisi kwa daraja lilelile na mshahara uleule. Kampuni ilikuwa na ngazi mbili, ya wahandisi na ya mameneja, na mtu aliweza kupanda hii au ile bila kuonekana ameshuka. Natamani kampuni zote zingekuwa hivyo. Nimewaona mafundi hodari wakikubali umeneja kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuongezewa mshahara. Timu ikampoteza fundi, na ikapewa kiongozi asiyeitaka kazi.

Mimi niliitaka. Miaka ya kuandika programu ilikuwa imenifundisha kwamba mambo makubwa yaliyotuchelewesha hayakuwa ndani ya msimbo. Yalikuwa ni watu wawili wanaojenga kitu kimoja bila kujuana, au mhandisi anayenyamaza kikaoni kwa kuwa safari iliyopita alikatizwa, au mahitaji yaliyobadilika na aliyepaswa kuambiwa hakuambiwa. Hayo ndiyo niliyotaka kuyashughulikia. Ila sikuijua kazi yenyewe mpaka ulipokuja mradi wa jedwali la miamala.

Jedwali hilo lilikuwa likikua tangu kampuni ilipoanza. Kila malipo, kila marejesho na kila sahihisho viliingia humo. Maswali ambayo zamani hifadhidata iliyajibu kufumba na kufumbua sasa yaliisumbua, na mwisho wa mwezi mfumo mzima ulikuwa unahema. Tukakubaliana kuligawa: miamala mipya iende kwenye majedwali madogo ya kila mwezi, ya zamani ihamishwe kidogo kidogo, na yote yafanyike mfumo ukiwa kazini, kwa sababu hakuna saa ambayo wateja wote wamelala. Timu ilikuwa na wahandisi watano. Sehemu kubwa ya msimbo ule niliiandika mimi, na sasa nilitakiwa niutazame kwa mbali.

Mradi ukachelewa. Hakuna aliyezembea. Tulipoanza kufukua tulikuta programu za idara nyingine zikisoma jedwali letu moja kwa moja, bila kupitia mlango tuliouweka, na kila programu ilihitaji mtu akae na wenyewe waelewane. Tarehe tuliyowaahidi wateja wakubwa ikawa inatukaribia.

Ndipo mkurugenzi akaniita. Ni mama aliyeandika programu miaka mingi kabla yangu, na hapendi kuona watu wake wanateseka.

"Nimekuazimia wahandisi wanne kutoka timu ya jirani," akasema. "Wanaanza Jumatatu. Mkiwa tisa mtamaliza kwa wakati."

Nilimshukuru kutoka moyoni, kisha nikamwomba asiwaambie kwanza, anipe mpaka kesho yake.

Usiku ule nilikaa na karatasi na kalamu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kampuni ya IBM, katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Kila mhandisi ameisikia kauli hiyo na karibu kila mhandisi huikubali kwa kichwa. Kuihesabu kwa watu unaowafahamu ni jambo jingine. Watu watano wanaotakiwa kuelewana, kila mmoja na kila mwenzake, wana njia 10 za mawasiliano. Wakifika tisa, njia zinakuwa 36. Na kabla njia hizo hazijaleta faida yoyote, lazima mtu awafundishe wageni. Kwetu mtu huyo angekuwa mkongwe wa timu, kaka mmoja mtulivu ambaye peke yake alikumbuka kwa nini marejesho ya sehemu ya malipo yaliandikwa kwa namna ile ya ajabu. Tungemtoa kazini akawe mwalimu, tena wiki zilezile tulizomhitaji kuliko wakati wowote.

Kulikuwa na jingine lililonitia wasiwasi zaidi. Wale wanne wangebaki na meneja wao na vikao vyao. Mwanasayansi wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi hutengeneza mifumo inayofanana na mawasiliano yake yenyewe. Makundi mawili yasiyozungumza kila siku yangetuachia mfumo wenye mshono katikati, na mshono huo tungeishi nao miaka.

Asubuhi nikarudi kwa mkurugenzi.

"Mama, naomba usinipe watu. Nipe ruhusa ya kupunguza kazi."

"Kazi ipi?"

"Ripoti za miaka ya nyuma. Ziendelee kusoma jedwali la zamani mpaka robo ijayo ya mwaka. Wateja hawazigusi, wanaozitumia ni wahasibu wetu. Nimeshaongea na mkuu wao, amekubali."

Akanyamaza akiipitia karatasi yangu. Nikaongeza kwamba kati ya wale wanne nilimhitaji mmoja tu, anayezijua programu za idara yao, aje kutujibu maswali. Kuandika tungeandika wenyewe.

"Na ukichelewa tena?"

"Nitakuja kukuambia mapema, tarehe ikiwa bado iko mbali."

Akairudisha karatasi na kusema, "Haya. Nitawaeleza wenzangu mwenyewe." Sikuwa nimefikiria kwamba kukubali kwake kulimaanisha yeye naye akasimame mbele ya wakubwa wake kutetea mradi wenye watu wachache na kazi pungufu. Alifanya hivyo na hakunidai chochote. Mpaka leo, ninapomkatalia mtu jambo, nakumbuka kwamba kuna anayelibeba kwenda ngazi ya juu.

Kazi ikaanza kwenda. Mimi ndiye niliyekuwa na shida, maana nilizoea kuona kazi ya siku yangu kwenye historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo: mistari niliyoongeza na niliyofuta, jina langu pembeni. Sasa siku ilikwisha kwa mazungumzo, kalenda na ujumbe wa kuulizia huyu amekwama wapi. Nilikuwa naenda nyumbani nimechoka na sina cha kuonyesha.

Siku moja binti mdogo kuliko wote kwenye timu alileta badiliko la kuongeza faharasa, yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kupata safu haraka, kwenye jedwali la zamani, ili uhamishaji uende kasi. Ilikuwa mistari michache tu. Nikaiona kasoro papo hapo: kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata tuliyoitumia, amri ya kawaida ya kutengeneza faharasa huzuia uandishi wowote kwenye jedwali mpaka imalize. Kwenye jedwali dogo hakuna atakayejua. Kwenye letu, malipo yangesimama. Dawa yake ni kuongeza neno moja, CONCURRENTLY, ili faharasa ijengwe huku miamala ikiendelea kuingia. Vidole viliniwasha. Ningeweza kulisahihisha na kulipitisha kabla chai haijapoa.

Nikaandika swali: "Wakati amri hii inaendelea, mteja akilipa itakuwaje?"

Hakujibu hapohapo. Alitengeneza nakala ya hifadhidata yenye ukubwa wa ile halisi, akaendesha amri yake, na upande wa pili akajaribu kuingiza malipo. Alasiri akaja mezani kwangu na kompyuta yake mkononi. Lile neno alikuwa amelipata, na alikuwa na mambo mawili mengine. La kwanza, chombo chetu cha kubadilisha hifadhidata kilifunga kila badiliko ndani ya muamala wa hifadhidata (si wa malipo, ni kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote), na ujenzi wa faharasa wa namna hiyo haukubali kuendeshwa ndani ya muamala, kwa hiyo badiliko hili lilipaswa kutolewa nje. La pili, ujenzi ukikatika katikati, huacha faharasa batili ambayo lazima ifutwe ndipo ujaribu tena.

"Bosi, hili la pili nimeliweka kwenye mwongozo wa usiku wa uhamishaji," akasema. "Hatua ya kufuta na ya kurudia, zote zipo."

Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia msimbo wangu mwenyewe, na nilimwambia hivyo. Ningemwandikia lile neno, hayo mawili yangetukuta kwenye mfumo halisi.

Na lile la pili lilitukuta kweli. Usiku wa uhamishaji, ripoti moja ndefu ilikuwa bado inasoma jedwali. Faharasa ikaisubiri, muda tulioiwekea amri ukaisha, ujenzi ukakatika. Mkongwe akamtazama binti, naye akafungua mwongozo, akaifuta faharasa batili, wakasubiri ile ripoti imalize, akaanza upya. Malipo yaliendelea kuingia muda wote huo. Mimi nilikuwa chumba cha pili na simu. Huduma kwa wateja walitaka kujua, mkurugenzi alitaka kujua, watu wa mauzo walitaka kujua zaidi ya wote. Niliwapa taarifa kila nusu saa, hata pasipo jipya, ili asiwepo hata mmoja wa kwenda kuwagonga begani wale waliokuwa kazini. Nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyofanya katika mradi mzima, na hakuna mstari wake hata mmoja kwenye Git.

Tulimaliza kabla ya tarehe ya wateja. Ripoti za wahasibu tulizihamisha robo iliyofuata, kama tulivyoahidi, na mhandisi yule tuliyeazimwa aliendelea kuwa mtu wetu wa kuuliza hata baada ya kurudi kwenye timu yake.

Baadaye mkurugenzi aliniita tena. Aliikumbuka ahadi yake kuliko mimi.

"Mlango bado uko wazi," akasema. "Unarudi kwenye ufundi?"

Nilimwambia nabaki. Kisha nikatoa karatasi nyingine, nimeeleza humo jinsi binti yule alivyoijaribu faharasa, mwongozo alioandika na jinsi ulivyotumika usiku ule, nikaomba apandishwe daraja. Akasoma mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya kiufundi, nikamjibu la kwanza.

"La pili mwite mwenyewe akujibu," nikamwambia. "Analijua kuliko mimi."

Akamwita. Walizungumza muda mrefu, na barua yake ilitoka katika mzunguko uleule wa kupandishwa madaraja.