Siku moja maishani mwangu: kumfuata jongoo wa Magombera

Saa 11 alfajiri. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha na mimi nimeamka na furaha. Ukavu humuua jongoo upesi. Jua likiwaka hujichimbia chini ya magogo. Ardhi ikilowa hivi, hutoka.

Saa 12 na nusu tunashika njia ya ukingoni, miwa upande huu, msitu upande ule, hakuna kitu katikati. Namwamkia mzee anayetuongoza. "Marahaba mwanangu. Leo utawapata," anasema huku akikagua panga lake. Treni ya TAZARA inapiga honi kwa mbali.

Magombera ni msitu wa bondeni, Kilombero, Tanzania, chini ya milima ya Udzungwa. Ni mdogo, lakini una viumbe wenye jina lake. Kinyonga wake alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2009. Mwaka 2024 ikawa zamu ya jongoo: Profesa Henrik Enghoff wa Denmark na wenzake walitangaza spishi kadhaa mpya za ukanda huu, mmoja akaitwa Lophostreptus magombera.

Saa 2 tumefika kwenye ploti, kipande cha msitu tunachokipima. Hapa miti mikubwa ilikatwa zamani, na kamba za msituni zimepanda juu ya iliyobaki mpaka mingine imeinama. Tunapima unene wa kamba kwa utepe wa kupimia, tunahesabu, tunaandika. Kisha tunachota majani yanayooza, tunayachekecha juu ya shuka jeupe. Tunataka kujua msitu unapona au hauponi, na jongoo ni shahidi mzuri kwa sababu hana mabawa wala mbio. Chakula chake ni majani haya haya. Yakikauka au yakiungua, hana pa kuhamia.

Saa 4 na robo mzee ananigusa bega, ananyooshea kidole gogo lililooza. Dume. Ninalipandisha kiganjani nalo linajikunja kama springi ya saa, kichwa katikati. Ninatulia. Baada ya dakika mbili hivi linafunguka, vipapasio vinagusa ngozi yangu, halafu miguu inaanza kwenda kwa mawimbi kutoka nyuma kuja mbele, jozi mbili karibu kila pete ya mwili. Ubavuni linatoa majimaji yenye harufu kali. Vidole vyangu vinageuka kahawia na havitatakata kesho wala keshokutwa.

Ninashusha lenzi kwenye pete ya saba. Hapo dume hana miguu ya kutembelea, imegeuka kuwa viungo vya kupandishia, na umbo lake ndilo linalotenganisha spishi moja na nyingine. Rangi haisaidii, urefu hausaidii. Hata kwa lenzi sithubutu kulitaja jina. Hiyo ni kazi ya darubini. Kwa hiyo linaingia kwenye chupa ya spiriti. Sijazoea sehemu hii, na ndiyo maana tunachukua madume wachache tu. Majike na watoto tunawarudisha pale pale, na gogo tunaligeuza lilivyokuwa.

Saa 7, ugali wa jana na dagaa. Ninakula kwa kijiko, harufu bado iko mkononi.

Saa 9 mvua inarudi, tunafunga kazi.

Saa 12 jioni ninaandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti na chupa isiyo na lebo ni takataka: tarehe, ploti, gogo au majani, nani kaokota.

Saa 2 usiku tunarudi ukingoni na tochi. Kwenye miwa ninawakuta majongoo wale wakubwa weusi wa mashambani, wanaojua kuishi popote. Ninayemtafuta hayupo. Mzee anamulika upande wa pili, hatua chache tu ndani ya kivuli cha miti. Wawili wanapanda gogo lenye ukungu, taratibu, vipapasio vikitangulia.